Mdogo wangu amezolewa kwenye operesheni, vituoni wanasema hawamjui. Tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo wakili. Naishi Unga Limited, Arusha. Jumatano usiku kulikuwa na operesheni mtaani kwetu baada ya vurugu za mchana. Mdogo wangu ana miaka 19, anaendesha bodaboda, alikuwa kijiweni na wenzake. Wakashuka askari kwenye magari mawili, wengine na kombati, wengine wamevaa kiraia. Wakawalaza chini, wakachukua simu na funguo za pikipiki, wakaondoka nao. Leo ni Jumamosi. Tumeenda vituo viwili, kote wanasema hawana mtu wa jina hilo. Kijana mmoja aliyeachiwa jana anasema walikuwa pamoja, na kwamba mdogo wangu amechapwa nyayoni na ameshasainishwa maelezo. Askari wa kaunta alituambia, "Hii ni operesheni, mambo ya dhamana na wakili sahauni." Baba mkubwa anasema tukae kimya wasije wakammalizia hasira. Je, operesheni ina sheria zake? Na tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Pole sana, na umfikishie mama pole zangu. Nitaanza na la leo hii, sheria nyingine itafuata njiani.

Kabla ya dhamana, na kabla ya kubishana na mtu juu ya kipigo, kuna jambo moja la kupigania: mdogo wako aandikwe. Jina lake liwe kwenye daftari la mahabusu la kituo kinachojulikana, pamoja na tarehe na saa. Na wakikataa kwamba wanaye, basi kukataa kwao nako kuandikwe mahali. Mkuu wa kituo anayepokea mahabusu kwa majina anajua kwamba mwenye jina akikutwa na jeraha, atakayeulizwa ni yeye. Asiye na jina hana wa kumjibia. Mengi mabaya niliyosimuliwa na wateja katika kazi hii yalitokea kati ya gari na kaunta, katika zile saa ambazo mtu ameshanyang'anywa uhuru wake na bado hakuna karatasi inayosema hivyo.

Sasa hilo mliloambiwa kaunta. Hakuna sheria ya nchi hii inayosema operesheni ikianza haki za aliyekamatwa zinalala. Ibara ya 15 ya Katiba inakataza mtu kukamatwa au kuwekwa kizuizini isipokuwa kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara ya 13(6) inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa, na inataka heshima yake itunzwe wakati wote akiwa chini ya ulinzi, upelelezi ukiwemo. Kamanda wa mkoa anaweza kupanga msako, kuleta FFU, yaani kikosi cha kutuliza ghasia, kuomba nguvu ya vyombo vingine. Hiyo ni kazi yake, na mara nyingine mtaa wenyewe ndio uliomlilia aje. Lakini ratiba ya kazi ya polisi haifuti ibara ya Katiba.

Hata hali ya hatari yenyewe haifiki huko. Ile inatangazwa na Rais peke yake chini ya ibara ya 32, nakala inakwenda kwa Spika, na Bunge linatakiwa kukutana ndani ya siku 14 na kuiunga mkono kwa theluthi mbili. Ikishatangazwa, ibara ya 31 inaruhusu sheria ya Bunge ivuke mipaka ya ibara ya 14 na ya 15, yaani haki ya kuishi na haki ya kuwa huru, kwa kiasi kinachohitajika. Ibara ya 13 haikutajwa humo. Kwa hiyo hata siku nchi iko kwenye hali ya hatari, askari hapati ruhusa ya kumchapa mtu nyayo. Na Unga Limited Jumatano haikuwa kwenye hali ya hatari.

Huenda mkaambiwa pia kwamba ni amri ya mkuu wa wilaya au wa mkoa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa kweli uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani, lakini kwa muda usiozidi saa 48, pale anapoonekana yuko mbioni kuvunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe, hakimu azipate, na saa hizo zikiisha bila mtu kufikishwa mahakamani aachiwe. Tangu Jumatano usiku hadi Jumamosi hesabu unaijua mwenyewe.

Hao wenye kombati na wenye kiraia wasikuchanganye. Askari wa chombo kingine, mgambo, hata raia wa kawaida anaweza katika mazingira fulani kumkamata mtu, lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna mahabusu halali ya kambini, ya godauni wala ya nyumba isiyo na kibao. Yeyote aliyemzoa mdogo wako, njia yake ya kisheria inaishia kwenye kaunta ya polisi.

Nchi hii imeshaona gharama ya vikosi vilivyochanganywa bila mtu mmoja wa kuwajibika kwa mahabusu. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, ikiunganisha jeshi, polisi, askari wa wanyamapori na wengine. Lengo lilikuwa jema, tembo walikuwa wanakwisha kweli. Haukupita mwezi bungeni kukawaka moto: wabunge wa vyama vyote wakisimama kueleza raia waliopigwa, waliodhalilishwa mbele ya familia zao, na waliokufa. Mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasitishwa. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikachunguza, na tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakaondoka kwa siku moja: Khamis Kagasheki, Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David Mathayo. Mawaziri huanguka, lakini hilo halimsaidii mtu aliyeko selo usiku wa leo. Kinachokuhusu wewe ni kwamba vikosi vingi vikikamata kwa pamoja, kila kimoja kinadhani mwenzake ndiye aliyeandika, na ndugu wanazungushwa kama mnavyozungushwa ninyi.

Mfano wa pili ni wa mkoani kwetu. Juni 2022, wakati wa kuweka mipaka ya lile eneo la kilomita za mraba 1,500 kule Loliondo, viongozi wa Kimasai wakiwemo madiwani walikamatwa, wakafikishwa mahakamani hapa Arusha kwa kosa la kumuua askari polisi aliyechomwa mshale tarehe 10 mwezi huo. Upande wao ulisema wazi kwamba baadhi yao walikuwa mikononi mwa polisi tangu tarehe 9, siku moja kabla ya kifo hicho. Walikaa mahabusu hadi Novemba, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi. Tazama uzito wa tarehe hiyo moja. Hoja ya namna hiyo inasimama au inaanguka kwa saa iliyoandikwa kwenye daftari la kituo, na kama haikuandikwa, kwa ushahidi wa watu waliokuwa pale kijiweni.

Basi fanyeni hivi. Msiende kituoni watu kumi mkiwa na hasira. Nenda wewe na mtu mzima mmoja anayeheshimika, na mkimpata mwenyekiti wa mtaa ni bora zaidi. Chukueni picha ya kijana na namba yake ya NIDA. Ulizieni kwa majina yake yote. Hapo wengi hupoteza siku nzima, kwa sababu kijiweni ana jina lake, nyumbani lake, kwenye kitambulisho lake, na askari wa zamu ameandika alivyosikia usiku wa manane kukiwa na kelele. Mkiambiwa hayupo, acheni jina, ulizieni tukio: "Vijana waliokamatwa Unga Limited Jumatano usiku wamepelekwa wapi?" Swali hilo ni gumu kulijibu kwa neno "hatumjui". Mahabusu wakiwa wengi hugawanywa, kwa hiyo msiishie kwenye vituo viwili. Nendeni Kituo Kikuu, nendeni vituo vya pembeni, hata Usa River.

Kila kituo andikeni saa mliyofika, mliyeongea naye na alichojibu. Askari wa vyeo vya chini wana namba zao za utumishi, ombeni kwa adabu. Msimrekodi mtu kwa simu, mtajitafutia kesi yenu wenyewe bure. Ombeni kumwona mkuu wa kituo, si askari wa kaunta. Akikosekana, OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Kisha andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa: jina la kijana, umri, mahali na saa alipokamatwa, aina ya magari na namba kama mtu alizishika, majina ya vituo mlivyofika na majibu mliyopewa, na ombi lenu kwamba mwelezwe yuko wapi na anashikiliwa kwa kosa gani. Nakala iende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mkoani na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Msiandike matusi wala siasa. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ofisi ikigoma kugonga, itumeni kwa rejista ya posta, risiti ibaki kwenu. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayobeba kila kitu kitakachofuata.

Kuhusu saa 24 zinazosemwa kila mahali, nikupe picha kamili maana mitaani inasimuliwa nusu. Kwa makosa ya kawaida, mkuu wa kituo anatakiwa ndani ya saa hizo ama amfikishe mtu mahakamani ama ampe dhamana ya polisi, ambayo ni bure. Kwa makosa yanayoonekana mazito, sheria inasema afikishwe mapema iwezekanavyo, na polisi hulivuta neno hilo. Lakini juu ya hayo kuna wajibu mwingine ambao ndugu wengi hawaujui: mkuu wa kituo anatakiwa kumtaarifu hakimu wa karibu, ndani ya saa 24, kuhusu watu waliokamatwa bila hati ya kukamata na wanaoshikiliwa kituoni kwake, wawe wamepewa dhamana au la. Wakili wenu aiulizie taarifa hiyo. Kama haipo, hiyo peke yake ni hoja.

Haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki imo ndani ya Sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na aliyekamatwa mwenyewe anatakiwa aambiwe hivyo kwa lugha anayoielewa. Hamna wakili? Chama cha Mawakili Tanganyika kina matawi Arusha na Kilimanjaro, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha, na wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya jiji itawaelekeza. Msimlipe mtu anayejiita "mtu wa ndani" ili awapelekee chakula na salamu. Kama kati ya wenzake wa kijiweni wapo walio chini ya miaka 18, wazazi wao wanatakiwa kujulishwa mara moja na watoto hao watengwe na watu wazima. Arusha na Moshi zote zina mahabusu za watoto.

Tuje kwenye maelezo aliyosainishwa. Hapa ndipo ninyi mna hofu kubwa, na hapa ndipo sheria ina meno kuliko watu wanavyodhani. Polisi wana muda wa msingi wa saa 4 za kumhoji mtu, kuanzia alipowekwa chini ya ulinzi. Mpelelezi anaweza kuongezewa saa zisizozidi 8, na baada ya hapo ni hakimu tu anayeweza kuongeza. Muda wa kumsafirisha na sababu nyingine chache hazihesabiwi. Mahakama ya Rufani imeshayaondoa maelezo ya onyo, yaani hayo mtuhumiwa anayoandikwa polisi, katika kesi nyingi kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda huo bila maelezo ya kuridhisha. Umeona tunakorudi: bila kujua saa aliyokamatwa, saa 4 huwezi kuzihesabu. Ndiyo maana yule kijana aliyeachiwa ni shahidi wa thamani, na mnatakiwa kumpeleka kwa wakili wiki hii aape hati ya kiapo, kabla hajatishwa au hajasahau.

La pili, Sheria ya Ushahidi inakubali maungamo kwa polisi pale tu yalipotolewa kwa hiari, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuithibitisha hiyo hiari. Mshtakiwa si lazima athibitishe kwamba alipigwa. Pingamizi likitolewa, Mahakama Kuu inasimamisha kesi kubwa na kusikiliza kwanza kesi ndogo juu ya karatasi hiyo tu. Lakini pingamizi lina wakati wake, nao ni pale karatasi inapoombwa kupokewa kama kielelezo. Mtu akinyamaza pale halafu akalia kwenye rufaa, amechelewa. Mwambieni hivyo siku ya kwanza mtakapomwona.

Kama atapelekwa kutoa maelezo mbele ya hakimu anayekaa kama mlinzi wa amani, yaani anayeandika maungamo ya mtuhumiwa nje ya polisi, hiyo nayo ni nafasi. Mwongozo wa walinzi wa amani unamtaka hakimu amuulize alikamatwa lini na wapi, alilala wapi, kama kuna aliyemtisha au kumwahidi kitu, na amtazame mwilini kama ana majeraha. Vijana wengi hufika pale wakidhani hakimu ni askari mwingine aliyevaa suti, wanajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Avue viatu. Aonyeshe nyayo.

Na nyayo hizo zina saa zake pia. Kipigo cha chini ya mguu kinavimba, kinauma mtu akikanyaga, halafu baada ya siku chache uvimbe unashuka na jicho la kawaida halioni kitu. Akipatikana leo, apigwe picha leo, kwenye mwanga mzuri, picha moja ya mbali inayoonyesha uso na mguu, nyingine za karibu zikiwa na rula pembeni. Zirudiwe baada ya siku mbili, kwa kuwa baadhi ya michubuko hujitokeza rangi ikishabadilika. Mviringo wa kamba au pingu kwenye vifundo vya mikono, mistari miwili sambamba ya fimbo mgongoni, alama ndogo za kuungua: zote. Muulizeni juu ya mkojo. Mtu aliyepigwa sana kwenye nyama za mapaja na makalio anaweza kukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni misuli iliyosagika na sasa inaziba figo. Mkiona hivyo msisubiri karatasi ya mtu, nendeni Mount Meru usiku huohuo, na kama ni Moshi, Mawenzi au KCMC.

Hospitali watawauliza PF3. Fomu hiyo inatolewa na polisi, na ndiyo, inakera kumwomba fomu yule unayemlalamikia. Iombeni kituo kingine. Nacho kikigoma, daktari atibu kwanza na aandike kwenye faili. Mwombeni asiishie "ameshambuliwa, amepewa dawa za maumivu." Faili lenye faida mahakamani linataja kila jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, linaonekana kuwa la siku ngapi, na mgonjwa mwenyewe amesema limetokana na nini. Huo ndio utaratibu wa Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuandika ushahidi wa mateso, uliotoka mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho 2022. Madaktari wetu wengi ni waungwana, wanachohofia ni kuitwa mahakamani. Waambieni faili lililoandikwa vizuri huwafupishia siku hiyo ya mahakamani.

Akifikishwa mahakamani, jiandaeni kwa kosa kubwa kuliko mlivyotarajia. Ni kawaida baada ya operesheni watu kusomewa mashtaka yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha. Mahakama Kuu iliwahi kukibatilisha kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo Mei 2020, lakini Mahakama ya Rufani ikakirudisha Agosti mwaka huohuo katika kesi ya Dickson Sanga. Kwa hiyo msitumie fedha kumlipa mtu anayewaahidi "dhamana ya mauaji". Haipo.

Kuna jambo hutokea katika chumba cha mahakama ambalo ndugu wachache wanalielewa. Kwa makosa ya mauaji na uhaini, hakimu wa mahakama ya chini humwambia mshtakiwa asijibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Vijana husikia hapo kwamba wamekatazwa kuzungumza kabisa. Sivyo. Amekatazwa kujibu shtaka tu, kusema kwamba amepigwa hakukatazwa. Anyooshe mkono, aseme: "Mheshimiwa, nilipigwa nikiwa chini ya ulinzi, naomba iandikwe na naomba kutibiwa." Maneno hayo yakiingia kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama, hayatoki. Na akipelekwa gereza la Kisongo, pale anapopokelewa aseme majeraha yake yote kwa mganga wa gereza. Magereza hawapendi kubebeshwa kipigo cha wengine, kwa hiyo daftari la mapokezi yao huwa na ukweli ambao la kituo halina.

Kama hadi Jumatatu bado hakuna anayekiri kuwa naye, wakili afungue maombi ya habeas corpus Mahakama Kuu, hapa Arusha. Ni maombi ya kuitaka Mahakama iwaamuru wanaomshikilia wamlete na waeleze wanamshikilia kwa sheria gani. Niseme ukweli wa njia hiyo. Mara nyingi polisi hujibu kwa kumfikisha mtu mahakamani haraka, na maombi yanabaki hayana kazi. Hilo si kushindwa, ndicho mlichokitaka. Ugumu unakuja wakijibu kwa kiapo kwamba hawajawahi kumshika. Hapo Jaji atatazama ninyi mmeleta nini. "Tumesikia kachukuliwa" haitoshi. Kiapo cha aliyekuwa naye ndani ya selo, cha mama lishe aliyeona magari, barua yenye muhuri: hivyo vinatosha kumtoa jasho anayekanusha.

Baba mkubwa namwelewa, na usimjibu vibaya. Wazee wa hapa wana kumbukumbu zao, na kuna kimya cha busara: kutokupost majina ya askari, kutokwenda kupiga kelele getini, kutokuwatisha watu kwa jina la mbunge. Ila kunyamaza hadi tusiulizie kabisa alipo, hapana. Aliye ndani akiulizwa kila siku kwa barua na kwa adabu, waliomshika wanajua huyu ana watu. Mwambie baba mkubwa aje naye kituoni. Mvi zake zitasaidia kuliko suti yangu.

Mali: simu na pikipiki zinatakiwa ziwe na hati ya kukamata mali, iliyosainiwa, nakala ibaki kwa mwenye mali. Tafuteni boksi la simu nyumbani, namba ya IMEI inayoitambulisha simu imeandikwa ubavuni, na kadi ya pikipiki. Pikipiki huachwa uani ikinyeshewa mpaka wenyewe wakate tamaa. Iandikieni barua yake tofauti.

Fidia ni safari ndefu lakini ina tarehe zinazowahi kufika. Kuishitaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwa ofisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Madai ya madhara kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3, ila kuna madai dhidi ya matendo yanayodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria ambayo ukomo wake ni mwaka 1, na mawakili wa Serikali wanaupenda sana huo wa mwaka 1. Hesabuni huo. Watu wa Arusha huniuliza pia kwa nini wasivuke barabara tu waingie Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, maana ipo hapahapa mjini. Tanzania ilijitoa kwenye tamko la kuruhusu mtu binafsi kufungua shauri pale, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa malalamiko mapya. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko hapahapa, bado inampokea mkazi wa kawaida, lakini ukomo wake ni miezi 2 tu tangu tukio au tangu ulipolijua.

Mwisho, wakimwachia. Mara nyingine hutolewa karatasi ya kusaini wakati wa kutoka: kwamba amepokea vitu vyake vyote na hana malalamiko yoyote. Asome kabla ya kusaini. Kama simu haipo, aandike kwa mkono wake juu ya sahihi, "simu sijarudishiwa". Kama ana maumivu, aandike "nina maumivu ya miguu, nakwenda hospitali", tarehe na saa. Wakimnyima kalamu na kumwambia asaini hivyohivyo ndipo atoke, asaini atoke, uhai kwanza. Kisha moja kwa moja hospitali, na kutoka hospitali kwa wakili, aape siku hiyohiyo nani alikuwepo chumbani, aliambiwa nini, na karatasi hiyo aliisaini saa ngapi.